Simu ya Nesi na Afya ya Akili ya Mama Mzazi

(Mazungumzo ya kamati ya mfuko wa jamii, siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi, Mnazi)



Wenzetu wameshaeleza habari za hisa, mikopo na sanduku. Sisi wa mfuko wa jamii tumepewa nafasi kuzungumzia afya ya akili ya mama mjamzito na mama aliyejifungua. Mwenzetu akijifungua salama tunampelekea sabuni, khanga na unga wa uji, tunapiga vigelegele. Lakini kwa wengine shida huanza vigelegele vikishaisha.

Mama halali hata mtoto akilala. Hataki kula. Analia bila sababu anayoijua. Mtoto anamwangalia kama mtoto wa jirani. Ukimwuliza, anasema "sijambo." Majirani nao wana majibu yao: eti mvivu, eti karogwa, eti kapandisha mashetani. Jamani, huo ni ugonjwa, na waganga wanauita sonona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea karibu akina mama 20 katika kila 100 waliojifungua hupata ugonjwa wa akili, na hasa sonona. Yaani katika kila watano, mmoja. Hebu tazameni benchi mliyokalia, mhesabu.

Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na huisha yenyewe. Yakipita wiki mbili, si ya kupuuzwa. Na mama anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayetaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, huyo ni wa dharura. Apelekwe siku hiyo hiyo, sawasawa na anayetokwa damu.

Kwa nini basi hagunduliwi mapema? Kliniki mama anapimwa uzito, shinikizo la damu na wingi wa damu, na mtoto anawekwa kwenye mizani. Yote ni mema. Lakini foleni ikiwa ndefu na nesi ni mmoja, nani atauliza habari za moyo? Madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache, na wengi wako mijini. Milima yetu ya Usambara ina Lutindi, upande wa Korogwe, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Tunajivunia. Lakini mama wa Mnazi mwenye kichanga mgongoni hawezi kuanzia safari huko. Lazima aanzie kwenye zahanati.

Hapo ndipo simu inapoingia. Simu si ngeni katika mambo ya uzazi. Mwaka 2012 ilianza kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoleta ujumbe wa bure kwa kutumia namba 15001. Mwaka 2022 mpango wa m-mama ulizinduliwa kitaifa: unapiga 115 na mama mwenye dharura anatafutiwa usafiri.

Kwa upande wa akili pia chombo kipo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa waganga na wauguzi wasio mabingwa wa akili, likautoa upya mwaka 2016, na mwaka 2017 likauweka kwenye programu ya simu ya mkononi. Nesi akiifungua, inamwongoza hatua kwa hatua: uliza hili, akijibu hivi, fanya vile, huyu mwite tena, huyu usimkawize, mpe rufaa. Inamkumbusha pia kwamba mjamzito na anayenyonyesha hapewi dawa ovyo, kwani dawa nyingine zinaweza kumdhuru mtoto.

Kuna vilevile maswali 10 yaliyotungwa Uskochi na kutangazwa mwaka 1987, ambayo sasa yanatumika nchi nyingi. Yanahusu siku 7 zilizopita: kama mama ameweza kucheka, kama ana hofu, kama amekosa usingizi kwa huzuni. Swali la 10 linauliza kama amewaza kujidhuru. Kila jibu lina alama, 0 hadi 3. Alama hizo hazitoshi kusema mama ni mgonjwa, ila zinamwambia nesi: huyu mkalishe, mzungumze.

Lakini tusidanganyane. Nesi akikodolea kioo macho bila kumtazama mama usoni, atajibiwa "sijambo" ile ile. Akimwuliza mbele ya mume au mama mkwe, hali kadhalika. Na majibu ya mama ni siri yake, kwa hiyo simu hiyo iwe na namba ya siri na isichezewe.

Tena, akishagundulika, nani atakaa naye? Mjini Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye mawazo mengi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza nao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao si madaktari, ni watu kama sisi.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo matatu:

Kwanza, mwanachama aliyejifungua asitozwe faini ya kutohudhuria kwa miezi mitatu. Badala yake wenzake wawili wamtembelee kila wiki, wamshikie mtoto alale, na wamsikilize bila kumhukumu.

Pili, mfuko wa jamii utoe nauli ya mama na msindikizaji wake kwa ugonjwa wa akili, sawasawa na magonjwa mengine.

Tatu, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba utufikishie wilayani: wauguzi wa zahanati zetu wafundishwe mwongozo huo, wawekewe programu hiyo kwenye simu, na wapatiwe chumba cha faragha cha kuzungumzia na mama.

Nanyi akina baba, mkeo akibadilika baada ya kujifungua, usikimbilie kugomba. Mpeleke kliniki, uende naye.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tusimwachie mama mzazi ayafiche peke yake.

Mama mzazi, hoyee! Kikundi chetu, hoyee!