Kumrudisha Mteja Aliyekwenda Zake: Mada kwa Wenye Mikahawa



Mada niliyotakiwa kuisoma mbele yenu yahusu njia za kuwarudisha wateja katika mkahawa ambao viti vyake, vilivyokuwa vikigombewa zamani, sasa hukaa vitupu tangu asubuhi hata magharibi. Ni mada nzito kuliko inavyosikika, maana nyuma ya kila mkahawa unaodhoofu ipo rasilimali iliyokusanywa kwa jasho, wapo watumishi wenye aila zinazowategemea, na upo mtaa utakaopotewa na mahali pa kukutania endapo mlango utafungwa. Rai yangu, ambayo nitaitetea toka mwanzo hata mwisho, ni kwamba mshitiri wa kahawa aghalabu huondoka kwa sababu ahadi aliyozoea kutimiziwa imeacha kutimizwa. Kwa hiyo atakaye kumrudisha hana budi kutengeneza kwanza palipovunjika ndani, ndipo apige mbiu nje.

Dalili na sababu

Anunuaye kitanda humwona muuzaji mara moja katika miaka mingi, lakini anywaye kahawa humwona muuzaji kila siku, na pengine mara mbili kwa siku. Kwa hivyo mapatano yaliyopo kati yao ni mapatano ya mazoea, ambayo hayaandikwi wala hayatamkwi, na ambayo huvunjika vile vile bila ya kutamkwa. Siku moja kahawa huja imepoa. Siku nyingine huja chungu kupita kiasi. Mara mtumishi hainui uso kuitikia salamu. Hata mteja, pasipo kumgombeza mtu wala kudai kitu, akashika njia nyingine. Yule alalamikaye angali ana matumaini na mkahawa wako, na kumsikiliza ni kupata nasaha bila ya ada. Wa kuogopwa ni yule anyamazaye.

Mwenye mkahawa, akiona mapato yanapungua, hukimbilia kuulaumu ugumu wa maisha, kodi, au jirani aliyefungua duka jipya. Huenda mojawapo likawa kweli, lakini hukumu isiyo na ushahidi haina insafu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili daftari ndilo shahidi. Kwa muda wa mwezi mmoja na iandikwe idadi ya vikombe vilivyouzwa kila saa, pamoja na vitafunio vilivyokwenda navyo. Ikiwa upungufu umeelemea asubuhi, waliokimbia ni watu wenye haraka ya kwenda kazini, na yafaa kuchunguza jinsi wanavyocheleweshwa. Ikiwa umeelemea jioni, waliokimbia ni wapenda mazungumzo, na yafaa kuchunguza ukumbi, makelele na viti. Ikiwa umeenea sawasawa siku nzima, shaka yote na ielekezwe kwenye kikombe. Na ikiwa watu ni wale wale ila kila mmoja hununua kidogo kuliko zamani, basi bei na vitafunio ndivyo vya kutazamwa. Mwenye kuyajua haya hatatumia fedha zake kupaka rangi ukuta ilhali ugonjwa umo katika birika.

Mkahawa ni nini kwa watu

Haifai kulijenga upya jambo tusilolijua asili yake. Kahawa ilianza kunywewa kwa desturi huko Yemeni katika karne ya 15, ambako masufi waliitumia kuwaweka macho katika nyiradi zao za usiku, na buni zikasafirishwa kwa bandari ya Mukha hata zikaenea dunia. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, na mojawapo ya mambo yaliyomtia hofu ni mikutano ya watu walioinywa pamoja. Marufuku hayo yakatenguliwa na amri iliyotoka Cairo. Katika karne hiyo hiyo ya 16 mikahawa ilistawi Istanbul, na mwaka 1652 London ikapata mkahawa wake wa kwanza. Mkahawa wa Edward Lloyd katika mji huo ulipendwa na manahodha na wenye merikebu kwa sababu habari za bahari zilipatikana pale, na kutokana na mazungumzo ya meza zake lilizaliwa soko mashuhuri la bima lichukualo jina lake hata leo. Kote huko watu walilipa thamani ya kinywaji, wakapata na habari, suhuba na mahali pa kujulikana.

Sisi wa mwambao hatuna haja ya kwenda London kulisadiki hilo. Muuza kahawa wa Mji Mkongwe wa Unguja, wa Mombasa au wa Tanga, mwenye dele lake juu ya makaa na finjani zake katika ndoo ya maji, hana kibao mlangoni wala mlango wenyewe, lakini wateja wake humdumia miaka na miaka. Kahawa yake ya leo ina ladha ya kahawa yake ya jana. Saa yake ya kuja haibadiliki. Amjua anayetaka tangawizi na asiyeitaka. Na kipande cha kashata hakimpungui. Pale Jaws Corner, Unguja, wanaume huketi barazani wakanywa kahawa chungu na kuzungumza siasa hata usiku uingie, na haijapata kuhitajika tangazo la kuwaita. Uthabiti wa muuza kahawa huyu ndio kipimo ambacho ningependa kila mwenye mkahawa aliyeko hapa ajipimie, awe na mashine ya espreso ya thamani kubwa au awe na birika moja tu.

Mfano wa Seattle

Huenda ikadhaniwa kwamba maradhi haya huwapata wenye mitaji midogo peke yao. Nitatoa mfano wa Starbucks, kampuni iliyoanza kwa duka moja katika mji wa Seattle, Marekani, mwaka 1971, na ambayo kufikia mwaka 2007 ilikuwa na maelfu ya maduka, lakini kila duka likianza kupungukiwa na haiba yake. Howard Schultz, aliyeikuza kampuni hiyo na wakati huo akiwa mwenyekiti wa bodi, aliwaandikia viongozi wenzake waraka mwezi wa Februari mwaka huo, akayataja makosa kwa majina yake. Mashine mpya zilizoharakisha kazi zilikuwa ndefu hata zikamficha mpika kahawa asionane uso kwa uso na mteja. Buni zilizofungwa katika mifuko isiyopitisha hewa zilihifadhika vizuri, lakini kwa kuwa hazikuchotwa tena wala kusagwa mbele ya watu, harufu ya kahawa ilitoweka dukani. Kila badiliko, likitazamwa peke yake, lilikuwa na hoja yake ya faida. Yalipokusanyika, yaliondoa kile kilichowafanya watu waje.

Schultz alirudi kushika uongozi wa kampuni Januari 2008, na tarehe 26 Februari mwaka huo akafunga maduka 7,100 hivi ya Marekani kwa muda wa saa tatu na zaidi, ili wapika kahawa wafundishwe upya kutengeneza espreso na kuchemsha maziwa. Kufunga kwa hiari yako milango yote wakati mapato yanashuka ni tendo linalotisha, na hasara yake ya siku moja haikuwa ndogo; lakini lilikuwa ungamo la hadharani kwamba kikombe kimeharibika na kwamba mwenyewe amekusudia kukitengeneza. Baadaye kahawa ilirudi kusagwa dukani, na mikate ya asubuhi yenye jibini, ambayo harufu yake iliimeza harufu ya kahawa, ikaondolewa mpaka ilipopatikana njia ya kuipasha isiyoleta harufu hiyo. Mwaka huo huo kampuni ilitangaza kufunga maduka 600 ya Marekani na 61 ya Australia, nchi ambayo wahamiaji wa Kitaliani na wa Kigiriki walikuwa wamekwisha kuwazoeza watu wake kahawa nzuri katika mikahawa midogo ya mitaani. Mwenye mkahawa mdogo na achukue faraja hapo: jina kubwa halikuweza kumtoa mtu penye kikombe anachokiamini.

Kikombe chenyewe

Sasa niingie jikoni, maana ndiko unakoanzia ukarabati. Buni iliyokwisha kukaangwa ina adui wanne, nao ni hewa, mwanga, joto na unyevu. Na katika miji yetu ya pwani, ambako joto na unyevu havitupi nafasi, mfuko ulioachwa wazi juu ya meza hupoteza ladha kwa siku chache. Nunua kidogo kidogo, taka kuelezwa tarehe ya kukaangwa, hifadhi katika chombo kilichofungwa barabara, na saga kadiri ya kinachopikwa, kwa sababu kahawa iliyosagwa huanza kupoteza harufu yake papo hapo. Nasi tumejaaliwa kuishi karibu na mashamba ya Kilimanjaro, Mbinga, Mbeya na Kagera, ambayo mazao yake mengi huvuka bahari kwenda kufurahiwa na wengine. Ni aibu kwa mkahawa wa Tanzania kumpa mteja kahawa iliyochakaa ilhali njema haiko mbali.

Kahawa ya kuchujwa ni maji kwa kadiri ya sehemu 98 katika 100, basi maji yenye chumvi ya kisima au harufu ya dawa yataharibu hata buni bora. Kwa lita moja ya maji kiasi cha gramu 55 hadi 60 za kahawa huleta kikombe cha wastani, na joto lifaalo ni kati ya nyuzi 90 na 96 za selsiasi. Kahawa iliyosagwa laini mno au kukawia mno katika maji hutoa uchungu unaokwaruza. Iliyosagwa chenga mno au kuharakishwa hutoa ukali wa uchachu. Maziwa yakipita nyuzi 70 hivi hupoteza utamu wake. Vipimo hivi na viandikwe ukutani, kila mtumishi apime kwa mizani na saa, asipime kwa jicho, ili kikombe cha Jumatatu kilichopikwa na mmoja kifanane na cha Alhamisi kilichopikwa na mwingine. Na kabla ya yote hayo, mashine, vichujio na kinu visafishwe kila siku, kwa kuwa mafuta ya kahawa hugandamana, yakavunda, na uvundo wake ukaingia katika kila kikombe kifuatacho.

Watumishi na ukumbi

Mtumishi ndiye mkahawa machoni pa mteja, na mtumishi aliyecheleweshewa mshahara hawezi kutakiwa uchangamfu asilani. Mwenye kutaka wateja wake waheshimiwe na aanze kwa kuwaheshimu wanaowahudumia: awalipe kwa wakati, awafundishe kazi, na awaruhusu kumbadilishia mteja kikombe kibaya bila ya kungoja idhini. Salamu itangulie biashara; mkubwa wa umri aamkiwe shikamoo; jina la mteja wa kila siku lijulikane pamoja na namna apendavyo kahawa yake. Ukumbi nao uwe na hewa, choo kiwe safi, na mwenye kutaka kukaa saa nzima na gazeti lake kwa kikombe kimoja asitazamwe kwa jicho la kumfukuza, maana huyo ndiye amwonyeshaye mpita njia kwamba mahali hapa panakalika.

Bei na mwaliko

Wengi wenye mkahawa ulioanguka hudhani dawa ni kupunguza bei. Tufanye hesabu kwa mfano. Ikiwa kikombe huuzwa shilingi 2,000 na gharama yake ni shilingi 1,200, faida ni shilingi 800. Punguza shilingi 400 katika bei, na faida imekuwa nusu, kwa hivyo yahitajika kuuza vikombe mara mbili ili kuipata faida ile ile ya zamani. Wanaokuja kwa ajili ya bei huondoka bei irudipo mahali pake, na wale waliokimbia ladha mbaya hawatarudi kuinywa kwa bei nafuu. Kilicho bora ni kufupisha orodha ya vinywaji, ili vichache vilivyobaki vipikwe kwa ustadi na bila ya kuharibikiwa na vitu visivyonunuliwa.

Kikombe kikiisha kutengemaa, hapo ndipo wakati wa mwaliko. Mwenye mkahawa na aende mwenyewe kwa wale anaowajua, katika ofisi za jirani, sokoni na msikitini, au awapigie simu, awaulize kwa unyenyekevu kilichowaudhi, asijitetee, kisha awaeleze alichokibadilisha na kuwakaribisha kikombe kimoja bila ya malipo. Mwaliko wa namna hii una murua kuliko bango, kwa kuwa humwambia mtu kwamba kutokuwapo kwake kulionekana. Lakini na tutahadhari: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, amwitaye mteja kabla ya kutengeneza kikombe humpa uthibitisho wa pili wa kosa la kwanza, na baada ya huo hakuna wa tatu.

Mapendekezo

Ndugu Mwenyekiti, naomba semina iyatafakari mambo manne. Kwanza, kila mwenye mkahawa aandike daftari la vikombe kwa saa kwa mwezi mmoja kabla ya kutumia fedha yoyote ya ukarabati. Pili, ateue siku ya kufunga kwa nusu ya kutwa na kuwafundisha watumishi wake vipimo vilivyoandikwa, pasipo kuihesabu siku hiyo kuwa ni hasara. Tatu, asibadilishe bei mpaka ladha imekuwa thabiti wiki baada ya wiki. Nne, wenye mikahawa wa mtaa mmoja washirikiane kununua buni mpya kutoka kwa mkaangaji mmoja, ili wapate kidogo kidogo kilicho kipya kwa bei ya jumla.

Kazi hii yataka subira, kwa kuwa mazoea yaliyochukua miaka kujengwa hayarudi kwa wiki moja. Lakini haitaki utajiri, na hakuna katika haya niliyoyataja jambo lililo nje ya uwezo wa mwenye mkahawa mwenye idili. Anayemtendea mteja kwa uaminifu kila siku, hata siku ambayo mteja ni mmoja tu ukumbini, ameanza kuwarudisha waliosalia.