JINA LAKO LIWE MKONONI MWAKO

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Ukumbi wa Anatoglo, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Msemaji ni mtumishi wa serikali aliyepata kusoma shuleni kwetu.)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya tovuti na barua pepe za biashara, kwa kuwa wengi wa wenzetu wana maduka hapa Kariakoo. Nimekubali, lakini sikuja kama bingwa. Chuo kikuu nilisoma uchumi, na kazi yangu ni ya ofisini. Nimekuja kama mtu aliyekosea, akaona hasara yake, akajifunza.

Sisi tuliosoma miaka ya 1990 tunalikumbuka sanduku la posta la shule. Mtu akitaka kukuandikia, aliandika jina lako, jina la shule, na S.L.P. yake. Karani alikwenda Posta na ufunguo, akarudi na fungu la barua, na majina yakasomwa mstarini. Tulipomaliza kidato cha nne tuliondoka, lakini anwani zetu zilibaki pale pale. Mwenzetu mmoja aliomba kazi kwa anwani ya shule, kisha akaenda kwao Kigoma. Barua ya kumwita ilikaa juu ya meza ya karani miezi miwili. Alipoipata, kazi ilikwisha kupewa mwingine. Tulimcheka sana kwa uzembe ule. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomcheka, na zaidi ya miaka ishirini baadaye nilifanya kosa lile lile, tena kwa mali ya mdogo wangu.

Kabla sijawaeleza, hapana budi tuelewane maneno. Kompyuta zilizounganishwa kwenye intaneti hutambuana kwa namba. Binadamu hawezi kukariri namba hizo, basi zikapewa majina. Hapo mwanzo majina yote yaliandikwa katika daftari moja lililotunzwa mahali pamoja huko California, Marekani, na kila mwenye kompyuta alichukua nakala. Kompyuta zilipozidi, daftari lile likashindwa. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Paul Mockapetris, akabuni utaratibu tunaoutumia hadi leo: daftari likagawanywa, na kila mwenye eneo akatunza ukurasa wake. Jina la namna hiyo kwa Kiswahili huitwa jina la kikoa. Wengi mtaani husema domeini.

Jina hilo lisomeni kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayeelekezwa nyumba kwa kutajiwa kwanza nchi, halafu mji, halafu mtaa. Tz ni nchi yetu, na herufi hizo zimeandikishwa katika daftari la dunia tangu mwaka 1995. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, pamoja na chama cha makampuni ya intaneti, waliunda chombo cha kusimamia majina hayo kilichoitwa tzNIC. Kushoto kwa tz huja kundi: co ni biashara, or ni vyama na mashirika, ac ni vyuo, sc ni shule, go ni serikali. Kushoto zaidi ndipo huja jina ulilolichagua mwenyewe. Wapo pia wanaochukua majina yasiyo ya nchi, kama yale yanayoishia na com.

Sasa nieleze kisa. Mwaka 2017 mdogo wangu alifungua duka la cherehani na vipuri vyake katika Mtaa wa Mkunguni. Alianza kupata wateja wa mbali, wa Mbeya, wa Ndola, wa Lubumbashi, watu ambao huja Kariakoo mara moja kisha huagiza wakiwa kwao. Akaniambia, "Kaka, wewe umesoma, nitafutie tovuti na barua pepe ya duka." Nilijaza fomu kwa msajili wa majina, nikachagua jina la com, nikalipia miaka mitatu. Fomu ilipouliza barua pepe ya mwenye jina, niliandika ile ya ofisini kwangu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiifungua kila asubuhi. Nakiri mbele yenu kwamba hilo lilikuwa kosa mara mbili. Anwani ya ofisi ya umma si ya kufanyia shughuli za ndugu. Na tena haikuwa yangu, ilikuwa ya kiti nilichokalia.

Mwaka 2019 nilihamishiwa Dodoma, ofisi nyingine kabisa. Sanduku langu la zamani likafungwa, kama ipasavyo. Mwaka 2020 ile miaka mitatu ikaisha. Kanuni za kimataifa zinamtaka msajili wa majina ya com amkumbushe mwenye jina mwezi mmoja hivi kabla ya muda kwisha, amkumbushe tena wiki moja hivi kabla, na mara nyingine ndani ya siku tano baada ya kwisha. Sina sababu ya kudhani kwamba hakutuma. Alituma kwenye sanduku lisilo na mtu.

Ilikuwa miezi ya korona. Tovuti ilipozimika na barua za maagizo zilipokatika, mdogo wangu alidhani ni biashara tu imelala, maana mipaka ilikuwa na taabu na Kariakoo nzima ililalamika. Alipogundua, muda wa kulikomboa jina ulikwisha pita, na mtu tusiyemjua alikwisha kulichukua. Siku ile alinipigia simu akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kaka, mimi niko hapa hapa Mkunguni, sijahama, lakini mteja wa Lubumbashi ananiambia alisikia nimefunga." Mteja yule aliandika mara tatu akitaka cherehani arobaini. Hakujibiwa, akanunua kwingine. Ilibidi mdogo wangu achukue jina jipya, safari hii la co.tz, achapishe kadi upya, na kuwapigia wateja mmoja mmoja. Kadi za zamani bado zimo mifukoni mwa watu. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Ndugu zangu, kutokana na kisa hicho nina mambo matano ya kuwaeleza.

Kwanza, jina la kikoa halinunuliwi, hupangishwa. Unalipa kwa mwaka, au kwa miaka kadhaa mbele. Majina ya com unaweza kuyalipia hadi miaka kumi. Usipolipa, kwa kawaida hupewa muda mfupi wa kulipa kwa ada ile ile. Baada ya hapo majina ya com huwa na siku 30 za kukomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha huachiwa, na yeyote anaweza kulichukua. Ninyi wa Kariakoo mnajua kilemba cha fremu ni kiasi gani, na mnajua mwenye nyumba hukumbuka tarehe ya kodi kuliko mpangaji. Ada ya jina kwa mwaka mzima haifiki kodi ya fremu ya mwezi mmoja. Basi ilipeni mapema, na tarehe yake iandikwe pale pale ilipoandikwa tarehe ya leseni ya biashara.

Pili, jina liandikishwe kwa mwenye mali. Wengi wetu humpa kazi kijana anayejua kompyuta, naye kwa kuharakisha hujaza jina lake, simu yake na barua pepe yake. Si mwizi, amefanya kama nilivyofanya mimi. Lakini siku akipata kazi nje ya nchi, au mkigombana, au akifariki, duka lako halina hati. Mwulizeni leo hii: jina limeandikishwa kwa nani, kwa msajili gani, hadi tarehe gani, na neno la siri liko wapi? Barua pepe ya mawasiliano isiwe ya ofisi ya mtu, wala isiwe ndani ya jina hilo hilo, maana jina likizimika na sanduku lake huzimika, na makumbusho hayatakufikia. Tena jueni kwamba kusajili jina la biashara BRELA hakukupi jina la kikoa, wala jina la kikoa halikupi cheti cha BRELA. Ni madaftari mawili, na unahitaji kuandikwa katika yote mawili.

Tatu, jina, tovuti na barua pepe ni vitu vitatu. Kwa kuwa muuzaji mara nyingi huviuza pamoja, watu hudhani ni kitu kimoja. Jina ni kibao cha mtaa. Tovuti ni duka. Barua pepe ni sanduku la posta. Kwenye ukurasa wa jina lako kuna mistari inayoelekeza: mmoja husema tovuti iko kwenye kompyuta gani, mwingine, uitwao MX, husema barua zipelekwe wapi. Ukihamisha tovuti kwa muuzaji mwingine na fundi akafuta mistari yote ili aanze upya, tovuti itapendeza lakini barua zitapotea. Kabla ya kuhama, nakilini mistari yote kwenye karatasi. Na mabadiliko hayaenei kila mahali papo hapo, maana kompyuta nyingi hukumbuka jibu la zamani kwa saa kadhaa. Kwa hiyo msihame siku ya mzigo kufika.

Nne, sanduku la barua liwe na kufuli na muhuri. Kufuli ni neno la siri gumu pamoja na uthibitisho wa pili kwa simu. Muhuri ni mistari mingine mitatu ya ukurasa ule ule, iitwayo SPF, DKIM na DMARC. Wa kwanza hutaja ni kompyuta zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lako. Wa pili huweka alama inayoonyesha kwamba barua haikuchezewa njiani. Wa tatu humwambia mpokeaji afanye nini na barua zisizo na ushahidi huo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai mistari yote mitatu kwa wanaotuma barua nyingi kwa siku, na hata mtumaji mdogo asiye na muhuri wowote profoma yake inaweza kuangukia kwenye barua taka. Mwambieni fundi aiweke yote. Na sanduku lipewe jina la kazi, kama "mauzo" au "hesabu", si jina la karani. Karani akiondoka, kazi inabaki.

Tano, jina lililopotea lina hatari kuliko jina lililokufa. Aliyelichukua anaweza kufungua sanduku la "mauzo" la jina lile lile na kupokea barua zote ambazo wateja wako wanaendelea kutuma. Anaweza pia kuwajibu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Kwa hiyo muwe na kanuni na wateja wenu: namba ya akaunti haibadilishwi kwa barua peke yake, lazima wapigiane simu, kwa namba ya zamani wanayoijua.

Najua wapo watakaosema, "Sisi tunauza kwa WhatsApp na Instagram, ya nini haya yote?" Sikatai, tumieni. Lakini kumbukeni mwaka 2021. Tarehe 10 Julai Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara wakatawanyika kutafuta pa kukaa. Mwaka ule ule machinga waliondolewa barabarani. Mteja aliyezoea kufuata kona alikuta kona tupu. Ukurasa wako kwenye mtandao wa mtu ni meza kwenye baraza la mtu: akitaka kuifunga, ataifunga, na wateja hawatajua ulikokwenda. Jina la kikoa ukilitunza hukufuata: ukihamisha duka au ukibadili muuzaji wa tovuti, mteja anaita jina lile lile na anakukuta.

Ninyi wadogo zetu, msidhani haya ni ya wenye maduka tu. Katika mitaa hii tunayoiona kutoka hapa, Lumumba, Uhuru, Msimbazi, zipo fremu nyingi ambazo mwenyewe hajui jina lake limeandikishwa kwa nani. Kijana mwaminifu anayeweza kukaa na mzee wa duka, akamsomea ukurasa wa jina lake mstari kwa mstari, na kumkabidhi funguo zote akimaliza, hatakosa kazi. Nasisitiza kukabidhi funguo. Fundi anayebaki na funguo za wateja huonekana mjanja kwa mwaka mmoja tu.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa ombi moja. Chama chetu kinatumia barua pepe iliyofunguliwa kwa jina na simu ya katibu aliyepita. Ni mtu mwema, na yupo hapa anacheka. Lakini sisi ndio tuliomcheka yule mwenzetu wa Kigoma. Naomba kamati ichukue jina la chama chini ya or.tz, liandikishwe kwa chama, funguo ziwe kwa viongozi wawili, na tarehe ya kulipa isomwe katika kila mkutano wa mwaka pamoja na hesabu za mweka hazina. Ada ya miaka mitatu ya kwanza nitaitoa mimi.

Na safari hii sitaandika anwani ya ofisini kwangu.