Heshima Iliyoishia Makupa



Nimeombwa nizungumzie kuporomoka kwa maadili, na barua ya mwaliko imewataja vijana karibu katika kila aya. Nitawafikia vijana. Ila kwa idhini yenu nitaanza na watu wazima, kwa kuwa ndiko alikoanzia mtu aliyetutangulia katika kazi hii.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha hapa Mombasa gazeti dogo la As-Sahifa, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Alikuwa Kadhi wa mji huu, kisha tangu 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947. Baadhi ya makala zake zimehifadhiwa katika kitabu cha Uwongozi. Ukizisoma leo utadhani wino haujakauka: watu wa pwani kuiga ya Wazungu yasiyo na faida, kumaliza mali kwa kushindana katika sherehe, kuuza ardhi, kupuuza elimu. Babu zetu tunaowatolea mfano wa adabu ndio hao hao waliokuwa wakikemewa. Sisemi hivyo ili kuyatupa malalamiko ya leo. Mji unaweza kulalamika kwa miaka 90 na ukawa na haki miaka yote hiyo. Nataka tutazame tu aliyelaumiwa. Sehemu kubwa ya lawama za Sheikh iliwaangukia watu wazima, wenye mali na wenye sauti. Sisi leo tumezigeuza, tukawashushia watoto.

Sasa twendeni Kibarani.

Wengi wenu mnaikumbuka kabla jaa la taka halijafungwa katika utawala wa Gavana Hassan Joho. Ukishavuka Makupa kutoka kisiwani, kabla hujafika Changamwe, moshi ulikuwa unakupokea. Kwa miongo kadhaa taka za kisiwa hiki zilimwagwa pale, ukingoni kabisa mwa bahari. Lori lilikuwa halijatulia, watu washalizunguka: akina mama, wanaume, watoto, wengine wameshika chuma kilichopindwa ncha cha kuchakulia. Chupa za plastiki gunia hili, chuma chakavu gunia lile. Chakula hakikutiwa guniani. Kililiwa palepale, na mtoto aliyekipata kwanza alikigeuzia mgongo ili asinyang'anywe. Maji yakijaa yalibeba mifuko hadi kwenye mikoko, yakitoka yakaiacha inaning'inia matawini.

Na sisi tuliokuwa tukipita? Tulipandisha vioo vya magari. Nalisema hili kwa uchungu, maana wengi wetu tulikuwa tunatoka au tunakwenda kwenye shughuli za heri: arusi, maulidi, ibada, mikutano ya kujadili malezi. Pilau tuliyoshindwa kuimaliza Mji wa Kale ilitufuata nyuma, ndani ya lori.

Katika miaka hiyo hiyo mji huu haukunyamaza kuhusu maadili. Kijana wa Kibokoni akipita mbele ya wazee bila kuamkia, jambo hilo lilijadiliwa barazani mpaka magharibi. Msichana akibadili mavazi, mitaa mitatu ilijua. Lakini sikumbuki baraza lililokaa likajadili kwa nini mtoto wa umri wa kwenda madrasa anakula kutoka jaani, mwendo mfupi tu kutoka Mwembe Tayari. Tulimpa jina, chokoraa, na jina likatutosha. Heshima yetu ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa Makupa.

Nisieleweke vibaya kuhusu baraza. Ninalithamini, na nadhani wanaolidharau hawajui lilivyofanya kazi. Lile benchi la mawe mlangoni mwa nyumba halikuwa pambo. Baada ya alasiri watu wazima walikaa pale, kahawa chungu ikizunguka, na kila mtoto aliyepita alipita mbele ya macho yanayomjua yeye, baba yake na bibi yake. Ukionekana na sigara Mkanyageni, habari ilikuwa imefika kwenu Kuze wewe ukiwa bado njiani. Alikukemea mtu asiyekuzaa, na ukienda kumshtaki kwenu unaongezwa. Hiyo ilikuwa kazi, tena kazi kubwa: watu walitoa saa zao kila siku kulea watoto wasio wao.

Kazi hiyo ilipungua kwa sababu tunazoweza kuzitaja. Familia zilitoka nyumba za ukoo zikahamia Kisauni, Bamburi na Likoni. Nyumba nyingine zikakatwa vyumba vya kupangisha, nyingine zikawa maduka. Baba akaenda Ghuba kutafuta riziki, na siku hizi mama naye huenda, kulea watoto wa wengine Riyadh au Muscat. Kijana akabaki na wenzake wa maskani. Kisha tunamrushia mama yule methali, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama yuko kazini. Ulimwengu, katika methali ile, ni sisi.

Na hata baraza katika ubora wake lilikuwa na macho ya kuchagua. Utumwa ulikuwa halali katika pwani hii mpaka 1907. Wapo waliofagia vibaraza vile kila asubuhi na hawakuwahi kuvikalia. Adabu ya wakubwa wa mji ilijengwa juu ya migongo yao, na anayetaka turudi kwenye maadili ya zamani ana wajibu wa kusema kama atawarudisha na wale pia mahali walipokuwa, au la. Mimi sitaki turudi huko. Nataka macho yale ya alasiri, lakini yafike mbali zaidi kuliko yalivyofika wakati ule.

Niliahidi kuwafikia vijana. Unga wa kulevya umetuharibia watoto tangu miaka ya 1980, na hakuna mtaa wa kisiwa hiki usiojua msiba wake. Kijana aliyezama tunamwita teja, tunampisha njia. Akikamatwa na kete, safari yake ya Shimo la Tewa ni fupi. Lakini ilipofika zamu ya wafanyabiashara wakubwa wa unga, Baktash Akasha, aliyekamatwa hapa mwaka 2014, alihukumiwa New York, miaka 25 gerezani, Agosti 2019; ndugu yake Ibrahim akafuata Januari 2020 kwa miaka 23. Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza mahakamani kuhusu hongo zilizolipwa kwa maafisa wetu. Hukumu ambayo mji huu na nchi hii vilipaswa kuitoa ilitolewa ng'ambo ya bahari mbili. Nauliza wazee wenzangu: kati ya teja na hakimu anayepokea bahasha, ni nani aliyeacha mila? Na ni michango mingapi ya harusi na ya ujenzi tumeipokea kwa mikono miwili, bila kuuliza ilikotoka?

Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, jani linalotafunwa kama miraa, Mombasa. Nilimuunga mkono na bado namuunga mkono. Marufuku ikakwama katika mvutano na Serikali ya Kitaifa na mahakama, maana kuna wakulima Embu wanaolisha watoto wao kwa jani hilo hilo. Hapo ndipo maadili yanapokuwa magumu kweli, na hotuba ya kuwalaumu vijana haitufikishi popote.

Kibarani leo imepandwa miti. Daraja la Makupa lililofunguliwa 2022 limewezesha maji ya bahari kupita tena palipokuwa pamezibwa, na mpita njia hana sababu ya kupandisha kioo. Ninafurahi. Lakini taka hazijaisha, zimehamishwa. Malori yanakwenda Mwakirunge, ndani kabisa ya Kisauni, ambako wengi wetu hatuna shughuli ya kutupitisha, na huko nako kuna watu wenye vyuma vilivyopindwa ncha.

Muhula ujao wanafunzi wangu watakwenda huko kila Jumamosi. Watajua watu wale kwa majina, watauliza nani anasoma na nani hasomi, na karo ya nani imekwama. Nimewaomba walimu wenzangu wa sheria waje kuangalia nani hana cheti cha kuzaliwa. Sasa naziomba kamati za misikiti na makanisa zilizoketi humu kila moja ichague wazee wawili wafuatane nasi. Karatasi ya kuandika majina iko mezani, karibu na mlango.