Chupa ya Damu Isiseme Uongo



Kati ya Juni 2006 na Mei 2007, watoto 3,639 waliolazwa kwa homa katika Hospitali Teule, Muheza, walichunguzwa. Wengi walikuwa na vimelea vya malaria. Lakini 341 walikutwa na maradhi mazito ya bakteria. Ili kuyatambua maradhi ya namna hiyo, damu huoteshwa katika chupa maalumu.

Hata hivyo, chupa hiyo huweza kusema uongo. Bakteria wakaao juu ya ngozi wakiingia pamoja na sindano, nao huota. Hapo mtoto huchomwa dawa kali bure, vijidudu huzidi kuizoea dawa hiyo, na ugonjwa wake halisi hungoja.

Kinga yake haihitaji mtambo wa fedha nyingi. Ni kunawa mikono, kupangusa ngozi na kizibo cha chupa kwa spiriti, kungoja ikauke, na kutoupapasa tena mshipa kwa kidole. Kipimo kilichozoeleka duniani ni chupa zilizochafuka zisizidi 3 katika kila 100. Basi kila hospitali na ihesabu zake. Nusu dakika ya kungojea spiriti ikauke si uvivu. Ni sehemu ya tiba.