Kuboresha Insha ya Kiingereza Kuhusu Mama na Baba Katika Malezi: Hoja Kabla ya Msamiati

Makala hii inachunguza aina moja ya swali linalozoeleka katika maandalizi ya IELTS, yaani mtihani wa kimataifa wa kupima umilisi wa Kiingereza, ambapo mtahiniwa huulizwa ni kwa kiasi gani anakubali kwamba mama ni mlezi bora kuliko baba. Insha ya namna hii huwa kazi ya pili katika sehemu ya uandishi. Hutakiwa kuwa na maneno yasiyopungua 250, hupendekezwa iandikwe kwa dakika 40, na uzito wake ni mara mbili ya ule wa kazi ya kwanza. Husahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, navyo ni kujibu swali, muwala na mshikamano, msamiati, na sarufi. Muwala ni mtiririko wa mawazo unaomwezesha msomaji kuifuata hoja bila kukwama, ilhali mshikamano ni jinsi sentensi zinavyofungamanishwa kwa viunganishi na viwakilishi.

Licha ya mgawanyo huo, mara nyingi maandalizi huelemea msamiati, ingawa insha hii huharibika kwenye hoja kabla ya kuharibika kwenye lugha. Aya iliyozoeleka hudai kwamba mama ni mlezi bora kwa sababu ana upendo mwingi, kisha hulithibitisha dai hilo kwa kusema kwamba hakuna ampendaye mtoto kama mama. Huko ni kuzunguka palepale, na mwanafunzi anayepewa orodha ya visawe vya upendo ili airekebishe aya hiyo anaonewa, kwa kuwa kinachokosekana ni sababu.

Aya hiyo hupata nguvu pale mtahiniwa anapotenganisha uwezo wa kulea na fursa ya kulea. Anaweza kuanza kwa kukiri kwamba kunyonyesha, ambako Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuwe njia pekee ya kumlisha mtoto kwa miezi 6 ya mwanzo, humweka mama karibu na mtoto kwa namna ambayo baba hawezi kuiiga. Kisha aonyeshe kwamba sehemu nyingine ya ukaribu huo imepangwa na jamii: nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, huku baba akipewa angalau siku 3; nchini Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inatoa miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba. Kwa mfano huo, mtahiniwa ana msingi wa kusema kwamba baba anayeonekana hajui kulea huenda hajapata muda wa kujifunza, na msimamo wake unakuwa na mpaka ulio wazi. Mfano wa nyumbani kama huu, unaoeleweka hata kwa mtahini asiyeijua Afrika Mashariki, una thamani zaidi kuliko utangulizi wa kukariri.

Upande wa sarufi, kosa moja linastahili uangalifu wa pekee. Kiambishi cha nafsi katika Kiswahili hakibainishi jinsia, hivyo "anamlea" humhusu mama au baba bila tofauti. Mwanafunzi anapohamia Kiingereza huweza kuandika "she" akimkusudia baba, au "he" akimkusudia mama. Katika insha nyingine mtelezo huo ungekuwa mdogo, lakini hapa hubadilisha mhusika wa hoja yenyewe na kuuvuruga mshikamano. Inapendekezwa kwamba dakika chache za mwisho zitumike kupitia viwakilishi peke yake, kimoja baada ya kingine, huku mwanafunzi akijiuliza kila kimoja kinamrejelea nani, na pale jibu linaposita, arudishe nomino yenyewe mahali pa kiwakilishi.