Ukuta wa Shule na Sheria Zake

Wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, leo tunazungumzia kazi za serikali: shule, kituo cha afya, ofisi ya teritwari. Nani hupewa kuzijenga, na mjenzi aliyenyimwa kazi kwa upendeleo ashitaki wapi?

Sheria yetu ya Kongo kuhusu manunuzi ya serikali ni ya tarehe 27 Aprili 2010. Inataka kazi itangazwe, wajenzi washindane kwa bei na ubora. Kumpa mtu mmoja bila kushindanisha, ile tunayoita gre-a-gre, ni kwa nadra na kwa kibali. Sheria hii inawabana wote: Kinshasa, jimbo la Maniema, hata sekta na sheferi.

Sasa tazameni programu ya serikali ya kujenga shule, vituo vya afya na ofisi katika teritwari 145 za nchi. Ilikabidhiwa watekelezaji watatu: BCECO na CFEF, ambao ni wa serikali, na PNUD ya Umoja wa Mataifa, yenye kanuni zake za manunuzi. Shule mbili za ramani moja zinaweza basi kujengwa kwa taratibu mbili. Mimi naona hapo ndipo wengi wetu hupotea: tunamfokea administrateta wa teritwari, na mkataba hakuusaini yeye.

Tujilinganishe na wenzetu: Kenya waliuweka ushindani ndani ya katiba yenyewe, ya 2010, ibara ya 227. Mjenzi anayelalamika ana siku 14 kwenda kwenye bodi ya rufaa. Bodi ina siku 21 kuamua, na muda huo mkataba hausainiwi. Nchini Tanzania, ambako sheria mpya ilitungwa 2023, mlalamikaji huanzia kwa mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni, kisha huenda kwenye mamlaka ya rufaa. Njia yetu inafanana na hiyo: kwanza ofisi iliyotangaza kazi, halafu kamati ya ARMP, mamlaka inayosimamia mikataba ya serikali, huko Kinshasa. Kwenye karatasi hatukuachwa nyuma. Ila fundi wa Kabambare atafikaje Kinshasa kabla muda wa kulalamika haujaisha?

Tofauti nyingine tumeirithi. Kwa desturi ya Ufaransa na Ubelgiji, serikali inaweza kubadilisha au kuvunja mkataba kwa masilahi ya umma, mradi imlipe fidia mjenzi. Kwa desturi ya Kiingereza, mkataba wa serikali huanza kama mkataba wowote. Kwetu ni ile ya kwanza; anayekopa pesa za simenti alijue hilo mapema.

Basi ukifika kwenye shantie, uliza: pesa ni za nani, nani alisaini, na malalamiko hupokelewa wapi? Ukipeleka barua, dai nakala yenye muhuri na tarehe.