*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*
*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa tawi, Unyambwa: "Ugonjwa umepita, deni lake bado tunalo"*

_Wanachama wengi hamkufika kwa sababu ya kupura alizeti. Mwenyekiti ameagiza maneno haya yatumwe kwenye kundi. Tafadhali someni hadi mwisho, na asiye na simu asomewe na balozi wake._

   

Nimepewa dakika chache nieleze halmashauri inavyoweza kutuinua baada ya UVIKO-19. Najua mtu atasema, Katibu, hayo ni ya zamani. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ile Mei 2023. Lakini mimi ni mhasibu, na mhasibu hafungi kitabu kwa sababu mwaka umeisha. Anafunga hesabu zikikaa sawa. Hesabu zetu hazijakaa sawa.

*1. YALIYOTUPATA*

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake shule zikaanza kufungwa. Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama 10. Tulikuwa na mkopo wa vikundi na tulifuga kuku wa kienyeji. Mnajua kuku wa Singida wanavyopendwa Dar es Salaam. Basi mnunuzi wetu akapiga simu, akasema mama, hoteli hazichukui, sherehe hakuna, nisubirini. Tukasubiri. Kuku wanakula kila siku, na mdondo nao ukapita.

Mwanzoni mwa 2021 mwenzetu mmoja akafariki. Wakati ule tulikuwa tukisema ni changamoto ya upumuaji. Akaacha watoto na fungu lake la deni. Tukakaa kikao tukijadili kama tuwafuate watoto wale. Naona haya kusema hivyo leo, lakini kikao kilifanyika na muhtasari niliuandika mimi. Mwisho tuligawana deni lake sisi tisa. Mimi niliuza mbuzi wawili. Tulimaliza kulipa, lakini kikundi kilikufa siku ile ile tuliyomaliza, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwona mwenzake.

Kosa letu lilikuwa moja. Hatukwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kueleza hali na kuomba muda. Tuliona aibu. Tulinyamaza kama watu walioiba.

*2. SERIKALI ILIFANYA NINI*

Tuseme na mazuri. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban shilingi trilioni 1.3. Tarehe 10 Oktoba 2021, pale Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mpango wa matumizi yake. Kwa fedha hiyo yalijengwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Ziliwekwa pia fedha kwenye maji na afya.

Zingatieni jambo moja. Fedha ilitoka mbali, lakini msimamizi wa ujenzi alikuwa halmashauri, na macho yalikuwa ya wananchi kwenye kamati za ujenzi. Palipokuwa na kamati iliyohesabu mifuko ya saruji, darasa lilisimama vizuri. Hiyo ndiyo maana ya serikali za mitaa. Ibara ya 146 ya Katiba inasema zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Lakini darasa haliwezi kufufua biashara ya mama lishe. Kwa hilo tuna fungu jingine.

*3. ASILIMIA 10*

Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa vyanzo lindwa, kukopesha vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba.

Nitoe mfano wa hesabu tu. Halmashauri ikikusanya bilioni 1 ya aina hiyo, milioni 100 ni ya vikundi: milioni 40 akina mama, milioni 40 vijana, milioni 20 wenye ulemavu. Fedha hiyo ni ushuru wetu wa sokoni na wa mazao yetu unaorudi nyumbani. Na marejesho yakirudi yanakopeshwa kikundi kingine. Kwa hiyo asiyelipa hamkomeshi Mkurugenzi. Anamnyima jirani yake.

Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023, kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorudi, mambo ambayo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliyaeleza kwenye taarifa zake. Ilisimama watu wakiwa ndiyo kwanza wanajiinua. Ikarudi mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Waliolala njaa katikati hapo hawakuwa wenye vikundi hewa.

*4. TUFANYE NINI*

Kwanza, *mkutano wa mapato na matumizi*. Kila robo mwaka tuhudhurie na tuulize: fungu la asilimia 10 limetengwa kiasi gani, limefika kata yetu kiasi gani, limerudi kiasi gani? Tuulize kwa adabu, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Pili, *Diwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata*. Tupeleke ombi kwamba kuwe na utaratibu ulio wazi wa kuongeza muda wa marejesho likitokea janga: ugonjwa, ukame, au kifo cha mwanakikundi. Yaliyotupata 2020 yanaweza kurudi kwa jina jingine.

Tatu, *vikundi vyenyewe*. Nitakaa ofisi ya tawi kila Jumamosi saa 8 mchana kusaidia kuandika katiba ya kikundi, daftari la fedha na andiko la mradi. Sitozi hata shilingi. Ila wekeni akiba kidogo ya msiba na dharura kabla ya kugusa mkopo. Sisi hatukuweka.

Nne, na hili litauma. *Mwanachama yeyote atakayetoa jina lake au kitambulisho chake kwenye kikundi hewa, tawi hili halitamtetea.* Hata akiwa kiongozi, na hata akiwa ndugu yangu. Wapo kati yetu wenye deni la zamani. Siwataji. Waje tuandike barua ya kupanga malipo, elfu kumi kumi kwa mwezi, kuliko kukimbia.

Ndugu zangu, watoto wa yule mwenzetu leo wamekua. Binti yake mkubwa alinifuata wiki iliyopita, anataka kuanzisha kikundi cha vijana wa kukamua alizeti. Ameniuliza, "Mama, mkopo ule si ndio uliowasumbua?" Nikamwambia kilichotusumbua ni kunyamaza. Nimeahidi kumsaidia, naomba tawi zima linisaidie kutimiza ahadi hiyo.

 Mabalozi, fikisheni ujumbe.

*Kidumu Chama. Kazi iendelee.*

_Katibu wa Tawi, Unyambwa_